Damu Isiyo na Siku Yake: Maswali na Majibu Kuhusu Dalili za Saratani ya Mlango wa Kizazi

Maelezo haya ni ya kudurusu kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi wa uuguzi walio karibu na mtihani. Sikufuata mpangilio wa kitabu, ambacho huanza na kirusi na kuishia na matibabu. Nimeanza na swali la dalili, ambalo watahiniwa wengi hulikariri bila kulielewa.

Swali la 1. Taja dalili za saratani ya mlango wa kizazi.

Jibu. Kutokwa damu ukeni nje ya utaratibu wa kawaida, kutokwa majimaji au uchafu mwingi, mara nyingi wenye harufu kali au uliochanganyika na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu chini ya kitovu, kiunoni na mgongoni, mguu kuvimba, shida ya mkojo au choo, kukonda na kuchoka bila sababu.

Orodha hiyo inakupa alama, lakini vitu vilivyomo havina uzito sawa. Damu inatangulia. Karibu vyote vinavyofuata baada ya uchafu na maumivu ya tendo huonekana ugonjwa ukiwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi. Mtahiniwa anayeanza na "kukonda" na kuikumbuka damu mstari wa mwisho anaonyesha kwamba huko kijijini atamtambua mgonjwa akiwa tayari hawezi kutembea. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka kwa makadirio ya kimataifa, na wengi wao hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa katika hatua za mwisho. Kwa hiyo panga majibu yako kwa mfuatano wa kutokea kwake mwilini.

Swali la 2. Ni damu ipi hasa ya kutiliwa shaka?

Jibu. Kuna tatu ambazo lazima uzitaje.

Ya kwanza ni damu baada ya tendo la ndoa. Uvimbe wa saratani hujijengea mishipa midogo ya damu, myembamba na dhaifu, ambayo hupasuka ikiguswa tu. Ndiyo maana damu huonekana baada ya kukutana kimwili, na wakati mwingine hata baada ya mwanamke kujisafisha au baada ya muuguzi kumpima. Hii ndiyo damu inayofichwa kuliko zote. Mke anaona aibu kuisema, mume anadhani amemuumiza au anaanza kumshuku, na wote wawili wananyamaza. Miezi inakwenda.

Ya pili ni damu kati ya hedhi moja na nyingine. Inaweza kuwa matone tu kwenye nguo ya ndani. Hapa inabidi uulize vizuri, kwa sababu mwanamke anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango ameshaambiwa kliniki kwamba hedhi yake inaweza kuvurugika, na ni kweli inaweza. Kosa ni kuitupia njia ya uzazi wa mpango lawama zote bila mtu kuangalia.

Ya tatu ni damu baada ya kukoma hedhi, yaani baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona siku. Kwa damu hii hakuna kiasi kidogo: tone moja kwa mama wa miaka 58 linatosha kumwandikia rufaa siku hiyohiyo. Ajabu ni kwamba wapo wanaoipokea kama habari njema. "Siku zangu zimerudi," mama atasema akicheka, na mashoga zake watamtania kwamba amekuwa msichana tena. Hedhi iliyokoma haijirudii yenyewe. Inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, inaweza kuwa ya mji wa mimba, inaweza pia kuwa jambo dogo kama ukavu wa uke, lakini la kuamua hilo ni jicho la mtaalamu na vipimo.

Ukipenda kuongeza ya nne, andika hedhi iliyokuwa ya siku nne ikawa ya siku kumi, au nzito kuliko ilivyozoeleka. Kipimo ni mwanamke mwenyewe na mazoea yake. Usimlinganishe na jirani.

Swali la 3. Je, asiye na dalili yoyote yuko salama?

Jibu. Hapana, na hapa watahiniwa wengi hupoteza alama. Saratani hii hutanguliwa na kipindi kirefu cha mabadiliko ya chembe hai ambacho hakina damu, hakina harufu, hakina maumivu. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Hata saratani yenyewe inapoanza kwa kawaida haiumi. "Hainiumi" ni sababu utakayoisikia mara nyingi kwa mama aliyekaa nyumbani na damu mwaka mzima. Mwambie wazi kwamba kutouma si dalili ya usalama.

Ndiyo maana uchunguzi wa mapema unawalenga wanawake wasioumwa kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na anayeishi na VVU aanze na miaka 25. Kwa kipimo cha kirusi cha HPV, hurudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU, miaka 3 hadi 5. Kwa kipimo cha siki kijulikanacho kama VIA, hurudiwa kila miaka 3.

Swali la 4. Chagua jibu sahihi. Mama wa miaka 42 analalamika kutokwa uchafu wenye harufu. Amepewa dozi ya metronidazo mara tatu ndani ya miezi mitano, mara mbili zahanati na mara moja duka la dawa. Uchafu unapungua kisha unarudi. Utafanya nini?

(a) Utamshauri arudie dozi pamoja na mumewe.
(b) Utamwambia aache kujiosha kwa sabuni zenye manukato.
(c) Utampa rufaa kwenda kituo ambako mlango wake wa kizazi utaangaliwa.
(d) Utamshauri asubiri hedhi ijayo.

Jibu ni (c). Jibu (a) linavutia kwa sababu kumtibu mwenza ni kanuni sahihi kwa baadhi ya magonjwa ya ngono, na (b) ni ushauri mzuri kwa mwanamke yeyote. Lakini angalia tena maelezo ya swali: dozi tatu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu alimwekea kifaa cha kupanulia uke akatazama ndani. Uvimbe wa saratani ukioza au kuingiliwa na bakteria hutoa majimaji yenye harufu, na dawa huyapunguza kwa muda. Mama anapata nafuu, mhudumu anaridhika, uvimbe unaendelea kukua. Kwa maoni yangu, ucheleweshaji wa aina hii ni mbaya kuliko ule wa aibu, kwa kuwa mgonjwa alishafika mlangoni kwetu zaidi ya mara moja.

Uchafu ukirudi baada ya dozi kamili, kinachofuata ni kuangalia. Hakuna haja ya dozi nyingine.

Swali la 5. Ni hali gani nyingine zinazoweza kuleta dalili zinazofanana?

Jibu. Nyingi, na wanawake wengi wanaoona damu nje ya siku zao hawana saratani. Liseme hilo pia kwa mgonjwa, maana hofu humfanya mtu akimbie kama aibu inavyomfanya ajifiche. Taja uvimbe wa kawaida wa kizazi, yaani fibroidi. Vinyama visivyo vya saratani kwenye mlango wa kizazi. Klamidia na kisonono. Matatizo ya ujauzito, yakiwemo mimba kuharibika na mimba kutunga nje ya kizazi. Na njia za uzazi wa mpango za homoni.

Kwa walio Kanda ya Ziwa, ongezeni kichocho cha via vya uzazi. Mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, damu baada ya tendo, uchafu na maumivu. Mwanamke aliyekulia huko, akichota maji na kufua kwenye madimbwi na vijito tangu utotoni, anaweza kuwa nacho bila kuona damu kwenye mkojo. Wapo waliotibiwa magonjwa ya ngono mara kadhaa, na kusimangwa juu yake, kumbe ni kichocho. Njia ya kutofautisha ni ileile, kuangalia.

Halafu kuna chango. Hutaikuta kwenye mwongozo wa wizara, lakini utaikuta kila kitongoji. Maumivu ya chini ya kitovu, hedhi iliyovurugika, uchafu, kutoshika mimba, vyote huweza kuitwa chango, na dawa zake zipo: za kunywa, za kujifukiza, na nyingine za kuweka ukeni. Usimcheke mama wala bibi aliyempa dawa. Ukimcheka umempoteza. Mwambie chango atibiwe na bibi kama anavyopenda, ila dawa ya kuweka ukeni aiache kwanza, na wiki hii aende akaangaliwe, kwa sababu damu baada ya tendo si jambo la kukisia kutoka nje.

Swali la 6. Eleza kwa nini mguu mmoja huvimba, na kwa nini mkojo hupungua.

Jibu. Mlango wa kizazi umekaa katikati ya majirani wengi: kibofu mbele, njia ya haja kubwa nyuma, mirija ya mkojo kutoka kwenye figo ikipita pembeni, na mishipa ya damu, ya limfu na ya fahamu ya miguu ikiwa ukutani mwa nyonga. Saratani ikikua, huwabana au kuwaingilia mmoja baada ya mwingine.

Ikibana mishipa ya limfu na ya damu upande mmoja, mguu wa upande huo huvimba. Ikigusa mishipa ya fahamu, maumivu hutoka kiunoni na kushuka mguuni, na mgonjwa huhangaika na dawa za mgongo. Ikibana mirija ya mkojo, mkojo hushindwa kutoka kwenye figo, figo hujaa na kuharibika. Figo kushindwa kazi ni moja ya njia kuu ambazo saratani hii huua, jambo ambalo vitabu vyetu vidogo hulipita haraka mno. Ikitoboa kibofu, mkojo hutoka ukeni wenyewe. Ikitoboa njia ya haja kubwa, kinyesi nacho hupitia ukeni. Hiyo ni fistula, na usiichanganye na fistula ya uzazi inayotokana na uchungu wa muda mrefu. Uliza umri, uliza lini alijifungua mara ya mwisho, uliza kama damu ilitangulia.

Damu inayopotea kidogo kidogo kwa miezi huleta upungufu wa damu: weupe wa viganja na kope, moyo kwenda mbio, kizunguzungu. Mama wa namna hii akiongezewa damu hospitali na kurudishwa nyumbani bila mtu kuuliza ilipotokea, atarudi tena.

Swali la 7. Saratani hii husababishwa na nini?

Jibu. Karibu visa vyote husababishwa na maambukizi ya muda mrefu ya kirusi cha HPV, ambacho huambukizwa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana. Aina mbili, ya 16 na ya 18, huhusika na takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Wengi wanaoambukizwa, mwili huondoa kirusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari iko kwa wale ambao hakiondoki.

Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Aina ya 18 ilikutwa pia ndani ya chembe hai za Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani mweusi aliyefika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mapema mwaka 1951 akiwa na uvimbe aliouhisi mwenyewe na damu isiyo ya hedhi. Alifariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Chembe za uvimbe wake, zilizochukuliwa bila ridhaa yake, zinatumika maabara hadi leo. Katika mtihani huyu si wa lazima, lakini damu yake ni ileile ya swali la kwanza.

Swali la 8. Nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi?

Jibu. Anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ni takribani mara sita ya asiye na VVU, aliyeanza kujamiiana akiwa mdogo, mwenye wenza wengi, au ambaye mwenza wake ana wenza wengi, mvuta sigara, aliyezaa mara nyingi, aliyetumia vidonge vya uzazi wa mpango kwa miaka mingi. Ongeza na asiyewahi kupimwa. Usiandike "malaya". Nimeliona neno hilo kwenye karatasi za majibu. Mwanamke aliyeolewa bikira na hajawahi kutoka nje ya ndoa anaweza kuupata ugonjwa huu.

Swali la 9. Andika kweli au si kweli, na utoe sababu.

"Kondomu huzuia HPV kabisa." Si kweli. Hupunguza, lakini kirusi hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa.

"Mjamzito hawezi kuwa na saratani ya mlango wa kizazi." Si kweli. Damu wakati wa ujauzito ina sababu nyingi, na hii ni mojawapo.

"Kugunduliwa na HPV ni kuwa na saratani." Si kweli. Rudia swali la 7.

"Chanjo ya HPV hufunga kizazi." Si kweli. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Rwanda ilitangulia mwaka 2011. Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwishaingia, ndiyo maana hutolewa mapema, na aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa akifika umri wake.

"Saratani hii haina tiba." Si kweli. Mabadiliko ya awali hutibiwa kwa tiba mgando au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo ya kipimo. Saratani ya hatua ya kwanza hupona kwa upasuaji au mionzi. Iliyosambaa ndani ya nyonga hutibiwa kwa mionzi pamoja na tibakemikali, Ocean Road na Bugando, Mwanza, zikiwa miongoni mwa hospitali zenye mionzi. Na aliyechelewa sana bado ana haki ya dawa za maumivu, mofini ikiwemo.

Swali la 10. Mwanamke mwenye damu baada ya tendo amepimwa VIA, akaambiwa hana tatizo. Je, suala limekwisha?

Jibu. Halijaisha. VIA ni kipimo cha kuchuja wasio na dalili: mlango wa kizazi hupakwa siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiriwa dakika moja, kisha huangaliwa kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Mwenye dalili amevuka hatua ya kuchujwa. Anahitaji daktari, na panapoonekana pa kutilia shaka, kinyama kichukuliwe kupelekwa maabara. Aidha, kwa mwanamke aliyekoma hedhi, sehemu ambako mabadiliko huanzia huwa imerudi ndani na haionekani vizuri, hivyo VIA haimtoshi. Palipo na uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani, tiba mgando haifanywi kabisa.

Swali la 11. Umemtembelea mama wa miaka 55. Andika mazungumzo mafupi yatakayokuwezesha kutambua dalili, kisha eleza utakachoandika kwenye rufaa.

Jibu. Mfano huu unatosha kwa alama zote:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, nina maswali ya kiafya ya kinamama. Naomba tukae huku ndani, tuwe wawili tu."

"Haya, ingia."

"Siku zako zilikoma lini?"

"Aa, zamani. Huyu mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa, na sasa yuko darasa la pili."

"Tangu wakati huo umewahi kuona damu tena, hata tone, au doa kwenye nguo?"

"Mwezi uliopita niliona kidogo. Nikajua ni uchovu wa shamba."

"Na mkikutana na baba, je? Huona damu baadaye?"

"Huko tena mwanangu… mara nyingine, ndiyo."

"Ahsante kwa kuniambia. Uchafu wowote, au maumivu ya kiuno?"

Angalia yaliyofanyika: faragha kabla ya swali, swali la jumla kabla ya la ndani, na "hata tone" ili mama asijibu hapana kwa sababu damu ilikuwa kidogo. Mhudumu hakulitaja jina la ugonjwa.

Kwenye rufaa usiandike "saratani". Huna kipimo kinachokuruhusu. Andika umri, hedhi ilikoma takriban lini, damu imeonekana mara ngapi na tangu lini, damu baada ya tendo ipo au haipo, uchafu, maumivu, mguu, mkojo, dozi alizokwishapewa, na kama amewahi kupimwa. Kama anahudhuria kliniki ya CTC, yaani ya wanaoishi na VVU, na ameridhia ulitaje hilo, litaje. Ombi lako liwe mstari mmoja: aangaliwe mlango wa kizazi kwa kifaa. Kisha muulize nani atamsindikiza, nauli itatoka wapi na ataenda siku gani, uandike siku hiyo kwenye daftari lako pamoja na tarehe ya kumrudia. Watahiniwa huiacha sehemu hii ya mwisho wakidhani si ya kitabibu, na ina alama zake.